Pini Moja na Salamu za Mkwe

Siku niliyorudisha ufunguo wa kabati langu, vijana wa hanga, banda letu la kutengenezea ndege, walinikalisha kwenye kiti cha plastiki, wakanipa soda na keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa, kisha wakaniuliza: katika miaka yote hiyo, kosa lako kubwa lilikuwa lipi? Nikawaambia nitaliandika. Nikilisimulia kwa mdomo nitajitetea, na mimi nikijitetea huwa naaminika.

Vyeo nimeviacha ofisini pamoja na ovaroli, na habari za mshahara mnazijua wenyewe. Tuanze siku ya kwanza.

Nilifika kazini na shahada ya uhandisi kutoka Nairobi, viatu vilivyopigwa rangi, na kalamu tatu mfukoni. Nyumbani kwetu Mji wa Kale mama alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba Fuad wake anakwenda kutengeneza ndege, na wawili kati yao walikuwa wameniuliza kama naweza kuwaangalizia friji. Nilivuka Makupa kuelekea uwanja wa ndege asubuhi ile nikijiona mtu anayesubiriwa. Aliyenipokea alikuwa Fundi Rajabu, mtu mfupi mwenye vidole vinene, ambaye shule aliiacha darasa la saba na injini hakuiacha hadi alipokufa. Aliutazama mfuko wangu.

"Hizo kalamu za nini?"

"Za kuandikia, fundi."

"Toa. Kilicho mfukoni mwako leo, kesho kitakuwa ndani ya injini."

Wiki mbili za mwanzo nililinda ubao wa spana. Mnaujua: kila chombo kina umbo lake lililochorwa kwa rangi nyeusi, na jioni hatoki mtu mpaka kila umbo lifunikwe. Jioni ya nne lilibaki umbo moja la bisibisi. Tulifungua vifuniko vya ndege nzima, watu wanane, mpaka swala ya magharibi ikatukuta tumelala matumboni. Fundi Rajabu ndiye aliyeiona, katika mfuko wa nyuma wa suruali yangu.

"Afadhali," akasema. "Imekaa mahali pasiporuka."

Kwa mwaka mzima waliniita Stoo.

Watu wa nje hudhani makosa ya kazi yetu ni moto na moshi. Mengi ni ya kuchosha. Kuna ndege moja iliyokuwa ikilia tumboni kila ikiinua pua, mlio wa kitu kinachobingirika, na marubani wakaigomea. Tulikitafuta siku tatu. Mimi niliandika kurasa mbili kuhusu mtetemo, zenye mchoro. Ilikuwa kokwa ya tende. Ramadhani ilikuwa imepita wiki mbili nyuma, na mmoja wetu alifuturu huko ndani kazi ikiwa mkononi. Hatukumjua ni nani, maana sote tuliapa, na sote tulikuwa tumefuturu mahali.

Fundi Rajabu hakuwa mtu wa hotuba. Kanuni yake aliyoirudia zaidi ilikuwa hii: "Mtu akikukatiza, usianze ulipoachia. Rudi hatua tatu nyuma. Ulipoachia hupajui, unapadhani tu." Niliikariri kama mwanachuo anavyokariri sura, na niliwafundisha wengine kwa sauti ya mtu aliyeitunga. Sasa naja kwenye siku ambayo niliihitaji kanuni hiyo.

Mkwe wangu, Mzee Swaleh, alikuwa fundi wa saa. Duka lake lilikuwa katika uchochoro unaotokea Ndia Kuu, na upana wake ulitosha mtu mmoja na aibu ya mwingine aliyesimama mlangoni. Tangu nimwoe binti yake, Salma, mzee alinistahi kwa namna ya kutoniuliza lolote kuhusu kazi yangu, nami nilimwogopa kwa namna ya kutomweleza. Ndege hakuwahi kupanda. Lakini Jumamosi hiyo binti wa marehemu nduguye alikuwa anaolewa Lamu, na yeye ndiye walii. Bila yeye hakuna nikaha. Salma akamkatia tiketi ya ndege ndogo ya asubuhi, mojawapo ya zile tulizozihudumia sisi. Alinambia kwa furaha, kana kwamba amenipatia zawadi.

Asubuhi ile ndege hiyo ilikuwa na kazi moja ya kumaliza. Ufito wa chuma unaokwenda kwenye mkia ulikuwa umelika mwishoni, tukatia mpya. Ufito huo ndio unaoupeleka mkono wa rubani hadi mkiani. Ukichomoka, rubani atavuta usukani na ndege haitakuwa na habari. Unashikwa na nati mbili, moja mbele na moja nyuma, na kila nati inapitishwa pini fupi kuliko njiti ya kiberiti, miguu yake ikakunjwa ili nati isijifungue kwa mtikisiko. Nilitoa stoo pini mbili. Ya mbele niliimaliza. Ya nyuma, nati nilikuwa nimeizungusha kwa vidole tu, spana iko mkononi, pini ya pili iko ndani ya kikopo pembeni.

Chini ya ngazi alisimama Kahindi na tochi yake. Kahindi alikuwa kijana wa Kaloleni, leseni yake haijamaliza mwaka, fundi mwenye macho makali kuliko yangu. Mnavyojua, kazi ya usukani inataka watu wawili: mmoja anayefunga, na wa pili anayekagua kana kwamba wa kwanza ni mwongo.

Ndipo nikasikia bakora sakafuni.

Karani wa abiria alimleta mzee hadi ndani ya hanga. Ni kinyume cha kanuni, lakini niambieni, nani Mombasa atamwambia mzee mwenye kanzu iliyopigwa pasi kwamba hawezi kumuaga mkwewe? Nilikuwa nimeingiza kichwa na mabega ndani ya mkia. Mkwe hasalimiwi kwa makalio. Nikashuka, nikafuta mikono, nikaupokea mkono wake.

"Shikamoo, baba. Sabalkheri."

"Marahaba, mwanangu. Sabalkheri. Wambaje?"

"Alhamdulillahi."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

"Na Salma, kile kifua?"

"Kimepoa."

"Na mama yako? Miguu?"

Miguu ya mama ilikuwa na historia, nikaieleza. Kisha mzee akamgeukia Kahindi, akamuuliza ni mtoto wa nani, wa Kaloleni ipi, na mvua imenyesha kule au bado. Kahindi akaizima tochi ili ajibu kwa adabu. Mwishowe Mzee Swaleh akainua macho, akautazama mkia.

"Hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Ushaimaliza?"

Ningeweza kusema bado. Ni neno fupi. Lakini nilimwona yule mzee, kanzu nyeupe, miaka sabini na kitu, hajawahi kupanda hata ngazi ya meli, naye ananiuliza mara ya kwanza katika maisha yetu habari ya kazi yangu.

"N'shaimaliza," nikasema.

"Mungu akuweke," akasema, akaondoka na karani.

Nikamsindikiza hadi mlangoni kama inavyopasa. Niliporudi kwenye ngazi, akili yangu ilikuwa imeshaliamini neno la mdomo wangu. Kahindi naye alilisikia. Aliingiza kichwa kwenye lile tundu kwa muda wa kusema bismillahi, akaona pini ya mbele inang'aa, akashuka, akatia sahihi chini ya yangu. Kifuniko kikafungwa. Ndege ikaenda zake na abiria saba.

Nilikuwa narudisha spana ubaoni nilipokichukua kile kikopo. Kikacheza. Nikakitazama ndani, nikaiona pini ya pili.

Kwa dakika nzima nilitafuta maelezo mengine. Nina shahada, maelezo hayanishindi. Kahindi akaja akasimama karibu nami, akaiona.

"Mzee, hiyo si ya ziada?"

"Tulitoa mbili."

"Labda stoo walikupa tatu."

"Labda."

Kadi ya stoo ilikuwa imetundikwa mbele ya macho yetu, imeandikwa mbili kwa mwandiko wangu mwenyewe. Kahindi akapunguza sauti. "Lamu si mbali. Ikitua tumpigie rubani simu, achungulie. Tukimwomba vizuri hatasema."

Nataka mjue kwamba nililipima wazo hilo, na sikulipima kwa sekunde moja tu. Niliiona leseni yangu, nikaiona yake. Nilimwona mzee akiambiwa mbele ya watu kwamba mkwewe alimdanganya. Ajabu ni kwamba hilo la mwisho ndilo lililokuwa zito kuliko ndege yenyewe. Binadamu ni kiumbe wa namna hiyo, na mimi nilisomeshwa kwa fedha za umma. Kisha nikakumbuka kwamba mzee huyo huyo ndiye aliyeketi ndani yake, na kwamba abiria sita waliobaki si wakwe wa mtu yeyote ninayemjua, lakini wana wakwe wao.

Mkuu wa ukaguzi alikuwa Bi Nekesa, mama wa Bungoma, mzee wa kanisa, asiyecheka saa za kazi. Niliingia bila kubisha hodi.

"Bi Nekesa, irudishe ile ya Lamu."

"Ina nini?"

"Nati ya nyuma ya ufito wa mkia haina pini. Na sina hakika kama niliikaza."

"Huna hakika, au unajua?"

"Najua nina pini mkononi."

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye simu ya mnara wa kuongozea ndege. Aliongea kwa utulivu wa mtu anayeagiza chai. Alipoweka simu chini alinambia, "Keti," kisha akabadili nia. "Hapana. Nenda ukasimame nje uitazame ikirudi."

Tulisimama uwanjani, Kahindi na mimi. Rubani alikuwa ameagizwa asiivute pua kwa nguvu, aje pole pole kwa duara pana. Niliiona ikitokea upande wa bahari, ndogo, imenyooka, na nikaanza kuhesabu. Sikuwa nahesabu chochote. Iligusa ardhi, ikaruka kidogo, ikagusa tena, ikatulia.

Abiria wakashuka wakinung'unika, mmoja akipiga simu kueleza kwamba ni hitilafu ndogo. Kahindi alipokifungua kifuniko, Bi Nekesa alinishika kiwiko. "Iguse mwenyewe."

Niliigusa. Nati ilizunguka kwa ncha ya kidole. Ilikuwa imebakiza nyuzi mbili ichomoke.

Mzee Swaleh alishuka wa mwisho. Alinijia moja kwa moja, bakora kwanza.

"Imeharibika nini?"

"Haikuharibika, baba. Sikuimaliza."

"Ulinambia ushaimaliza."

"Nilikwambia."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu uliyeniuliza ni wewe."

Alinitazama kwa jicho ambalo kwa miaka hamsini lilikuwa likitazama magurudumu ya saa. Alimgeukia karani, akamuuliza basi za Lamu zaondoka wapi na saa ngapi, akapelekwa kituo cha mabasi cha Mwembe Tayari. Alifika Lamu baada ya isha. Bwana harusi alikuwa amekaa na joho lake tangu alasiri, na biriani ya mchana ikaliwa usiku.

Habari ilifika Mji wa Kale kabla yangu. Pale barazani nilipozoea kunywa kahawa walinisogezea nafasi kwa heshima kubwa mno. "Injinia," akasema muuza kahawa, "kikombe hiki nimekiosha. Wataka nikioshe tena mbele yako?" Salma hakuninunia. Alinipakulia chakula, akakaa, akaniuliza mara moja tu, "Ulikuwa wamfikiria baba au wajifikiria wewe?" Nilijibu kwamba sijui, na hilo lilikuwa jibu la kweli kuliko lile nililompa baba yake.

Katika kikao cha uchunguzi Kahindi aliulizwa kwa nini alitia sahihi. Alisimama, mikono nyuma.

"Mkwewe alikuwa ametoka pale sasa hivi, Bi Nekesa, na angeweza kugeuka. Mzee Fuad ashasema amemaliza. Mimi nipande nimmulike tena? Si ni kama kumwambia baba wa watu kwamba binti yake kaolewa na mtu wa kukaguliwa?"

Hakuna aliyecheka. Fomu za uchunguzi zina visanduku vya kutia alama: uchovu, haraka, kelele, mwanga hafifu, kutokujua. Bi Nekesa alivipitia vyote kwa kalamu yake, akarudi juu, akavipitia tena. Mwisho akaandika chini kabisa, nje ya mistari: *adabu*.

Kahindi alisimamishwa mwezi mmoja, mimi mitatu. Niliomba wake wauongeze kwenye yangu, wakakataa, na ilikuwa haki. Miezi yangu niliitumikia katika chumba cha vitabu, nikiwaazima miongozo vijana niliokuwa nikiwafokea.

Wiki ya pili nilikwenda Ndia Kuu. Mzee Swaleh alikuwa na kile kioo cha fundi jichoni, saa ya mkono imefunuliwa mbele yake. Nilisimama mlangoni, salamu tayari mdomoni: nimkatize au nisimkatize? Alikishika kipande kwa koleo lake, akakiweka, akakaza skrubu, akaifunika saa. Kisha akakitoa kioo.

"Umengoja," akasema.

"Ndiyo. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Keti hapo nje." Sikuweza kuketi ndani. "Mimi nikikosea, mteja wangu huchelewa swala. Wewe ukikosea, huswaliwa."

"Ni kweli."

"Mmefanya nini huko kazini? Au mmefukuzana tu?"

Nikamweleza. Bi Nekesa alitaka kuweka mnyororo wa plastiki, wa njano, kuizunguka kila kazi ya usukani, na aliye ndani yake asisalimiwe wala asisalimu mpaka mkaguzi atie sahihi. Nusu ya hanga iligoma. Walisema salamu ni ya Mungu, kuijibu ni wajibu, na mama wa Bungoma hawezi kuiondoa kwa mnyororo wa kuanikia nguo.

Mzee alikifuta kioo chake. "Mtu akiwa yumo ndani ya swala, wamsalimia?"

"Hapana."

"Wafanyaje?"

"Nangoja amalize."

"Je, kakuvunjia heshima?"

"La."

"Basi waambie hivyo. Na uwaambie ni maneno ya yule mzee uliyetaka kumwangusha."

Nilipeleka maneno kama yalivyo, hata mwisho wake. Mnyororo ukawekwa wiki hiyo. Nyinyi mmeukuta na mnadhani ulikuja na jengo.

Nilirudi kwenye ngazi baada ya miezi mitatu. Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa mkia, bila shaka kwa makusudi, maana Bi Nekesa hakuamini katika bahati. Na mkaguzi wangu alikuwa Kahindi. Nilifunga nati ya mbele, nikaweka pini. Nikafunga ya nyuma, nikaweka pini. Hapo ndipo niliposikia tena bakora sakafuni.

Salma hakuwa amenambia. Bi harusi wa Lamu alikuwa na mimba changa na hali yake si nzuri, na mzee alitaka kumwona. Alikuwa amekata tiketi mwenyewe, kwa ndege hiyo hiyo. Alifika mpaka kwenye mnyororo, akasimama, akapumzisha mikono yote miwili juu ya bakora. Ulimi ulinitekenya mdomoni. Nikaushika.

"Nisogee?" nikamuuliza Kahindi.

"Sogea."

Kahindi akawasha tochi. Aliimulika nati ya mbele, akaisukuma kwa kidole, akapitisha kioo cha mkono nyuma yake. Akahamia ya nyuma. Alikaa huko muda mrefu. Mgongo wake ulikuwa umelowa jasho, na nilijua anajua ni nani aliyesimama nyuma yetu.

"Mzee," akasema, bila kugeuka na bila kupunguza sauti, "mguu mmoja wa pini haujalala vizuri. Itoe uweke nyingine."

Masikio yangu yakawaka. Nilipanda, nikaing'oa ile pini, nikatia mpya, nikaikunja mguu mmoja mmoja. Kahindi akaimulika tena kana kwamba mara ya kwanza hakuwako. Akagusa. Akavuta. Akashuka, akaweka kadi juu ya goti, akatia sahihi, akaandika saa.

Nilipogeuka, Mzee Swaleh alikuwa ameshaondoka. Nilimwona kwa nyuma, anatembea na karani kuelekea kwa abiria wenzake, hatua zake hazina haraka. Mnyororo ulikuwa bado umefungwa, na mimi nilikuwa bado ndani yake.

Simu ya Salma ilinipata nikifunga skrubu ya mwisho ya kifuniko. Sikuipokea. Nilimpigia baadaye, ndege ilipokuwa imeshawasha injini.

"Baba kakuaga?" akauliza.

"La."

"Ah! Bado kakasirika?"

"Amepanda," nikamwambia.